Mnada wa Intaneti na Treni za Ukusanyaji: Bei ya Kuruka, Sifa za Uongo na Hukumu Zake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na Maswahaba zake wote.

Amma baad. Biashara ya vitu vya ukusanyaji imeenea sana kwa njia ya mnada wa intaneti, na treni ndogo za mfano ni miongoni mwa vitu hivyo. Huenda msomaji akashangaa: fiqhi ina nini na vitu vya kuchezea? Jibu ni kuwa hukumu haiangalii ukubwa wa bidhaa. Rundo la nafaka katika soko la Madina na kichwa cha treni cha bati ndani ya picha ya intaneti vinahukumiwa kwa kanuni moja. Tena, soko hili lina muuzaji asiyeonekana, bidhaa isiyoshikwa na bei isiyo na mizani. Mambo hayo matatu yakikutana, mlango wa kula mali ya watu kwa batili huwa wazi, na wanaouza ndani yake wamo Waislamu.

Katika makala hii tutabainisha kipi ni halali na kipi ni haramu katika matangazo hayo, na mnunuzi aliyehadaiwa ana haki gani.

TRENI HIZI NI NINI?

Kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen, Ujerumani, iliasisiwa mwaka 1859, na mwaka 1891 katika maonyesho ya biashara ya Leipzig ilitoa treni za kuchezea zenye vipimo maalumu vya upana wa reli. Huko New York, Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni ya Lionel mwaka 1900. Kule Liverpool, Frank Hornby alianza kuuza treni zake mwaka 1920, na mwaka 1938 kampuni yake ikatoa aina ndogo zaidi iitwayo Hornby Dublo.

Walionunuliwa treni hizo utotoni walipokuwa wazee walizitafuta tena. Hapo ndipo kitu cha kuchezea kilipogeuka kuwa mali. Thamani yake inategemea mambo manne: idadi iliyotengenezwa, uhalisi wa rangi na vipuri, hali ya mota na chuma, na kuwepo kwa boksi lake la asili. Kichwa cha treni kilichotoka kiwandani kwa maelfu mengi hakina thamani kubwa hata kama kina umri wa miaka sabini. Kilichotolewa kwa uchache, kikabaki na rangi yake na boksi lake, chaweza kufikia bei mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo ni elimu ya wachache. Wengi hawanayo, na hadaa huingilia hapo.

Ama kuzinunua na kuziuza, asili yake ni uhalali, kwa kuwa ni sanamu za visivyo na roho na zina manufaa ya mubaha. Israfu ni mlango mwingine.

NAMNA TANGAZO LINAVYOHADAA

Mnada mkubwa wa intaneti unaojulikana leo kwa jina la eBay ulianzishwa California mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Muuzaji huweka picha na maelezo, wanunuzi hutaja bei, na muda ukiisha bidhaa huwa ya aliyetaja bei kubwa. Pia huruhusiwa kuuza kwa bei iliyokwisha kupangwa. Utaratibu huu wenyewe hauna ubaya. Ubaya huingia kwa njia zifuatazo:

1. Neno "adimu" kubandikwa juu ya kila kitu, hata kile ambacho siku hiyo hiyo kinauzwa na watu wengine wengi.

2. Bei ya kuomba kufanywa ushahidi wa thamani. Mtu huona wenzake wameweka dola 400 naye huweka 400, ilhali zilizouzwa kweli ziliuzwa kwa 70. Tangazo hukaa mwaka mzima likimngoja asiyejua.

3. Rangi mpya, vipuri vya kuigiza au boksi la kuigiza kuuzwa kama vya asili. Vipuri na maboksi ya kuigiza hutengenezwa waziwazi kwa ajili ya ukarabati. Kuvitumia si kosa. Kosa ni kunyamaza.

4. Neno "haijajaribiwa". Muuzaji ana reli na umeme nyumbani, amejaribu, ameona mota imekufa, kisha anaandika kuwa hakujaribu.

5. Picha ya upande mmoja tu. Baadhi ya treni za zamani zimeundwa kwa aloi ya zinki iliyochanganyika na uchafu wa madini mengine, hasa risasi. Aloi hiyo huvimba, hupasuka na hatimaye kumomonyoka, wala ufa hauzibiki ukapona. Kwa juu treni hung'aa, na chini imekwisha.

6. Muuzaji kutumia majina mengine, au rafiki zake, kupandisha bei ya bidhaa yake mwenyewe.

ASILI YA MNADA KATIKA SHERIA

Mnada, ambao wanavyuoni huuita bai'ul muzayada, ni halali kwa kauli ya jumhuri. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A) kisa cha Ansari mmoja aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W) akaagiza vitu vyake viwili viletwe, tandiko na chombo cha kunywea, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirham moja, Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Kwa dirham moja yule Ansari alinunua chakula cha watu wake na kwa ya pili akanunua shoka la kukatia kuni. Baadhi ya wanavyuoni wa hadithi wamezungumzia isnadi yake, lakini Tirmidhi ameihesabu kuwa ni hasan, na Imam Bukhari amenakili kutoka kwa Ataa kuwa watu wa zamani hawakuona ubaya kuuza ngawira kwa mwenye kuzidisha.

Katika zama zetu, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita huko Jeddah, Machi 1990, ilikubali mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano baina ya watu walio mbali. Kisha katika kikao cha nane, Bandar Seri Begawan, Brunei, Juni 1993, ikazungumzia mnada wenyewe na kuujuzisha kwa masharti tutakayoyagusia.

BEI KUBWA PEKE YAKE NI HARAMU?

Hapa pana kosa la pande mbili. Wako wanaoharamisha kila faida kubwa, na wako wanaohalalisha kila kitu kwa hoja kuwa mnunuzi ameridhika mwenyewe. Ukweli uko kati.

Sheria haikuweka kiwango cha faida. Bei zilipopanda Madina, Mtume (S.A.W) aliombwa aziwekee kikomo akakataa, akaeleza kuwa mwenye kupanga bei ni Allah. Naye Urwa al-Bariqi (R.A) alipewa dinari moja anunue mbuzi. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari, na Mtume akamuombea baraka. Kisa kimo ndani ya Bukhari. Basi mwenye kuweka dola 400 juu ya treni ya dola 70, akaieleza ilivyo bila kuongeza wala kupunguza, hatuwezi kumwambia amefanya haramu.

Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, yamekwenda mbali zaidi. Imam Nawawi ameeleza kuwa kupunjika katika bei peke yake hakumpi mnunuzi hiari ya kuvunja biashara, hata mpunjo ukiwa mkubwa. Wakatoa mfano wa aliyenunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari: hana hiari, kwa sababu yeye ndiye aliyezembea kuwauliza wajuzi.

Wahanbali wao wameithibitisha hiari ya mpunjo katika sehemu tatu: msafara uliopokelewa njiani kabla haujafika sokoni na kujua bei, mnunuzi aliyechezewa kwa najshi, na mustarsil, yaani asiyejua bei za bidhaa akamuachia imani muuzaji. Wahanafi wakashurutisha mpunjo mkubwa uambatane na hadaa. Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, ikauwekea mpunjo mkubwa kipimo: sehemu moja kati ya ishirini katika bidhaa, moja kati ya kumi katika wanyama, na moja kati ya tano katika ardhi na majengo.

Ndugu msomaji, tuzingatie nukta moja. Mpunjo hupimwa kwa thamani ya mfano, yaani bei ambayo kitu kama hicho huuzwa kwa kawaida. Bei iliyoombwa na watu kumi ambao hakuna aliyenunua kwao si thamani ya mfano. Ni matamanio ya watu kumi. Kwa hiyo mwenye kumwambia mnunuzi kuwa bei yake ndiyo bei ya soko, huku akijua kuwa zilizouzwa ziliuzwa kwa robo yake, ametoka katika mlango wa bei kubwa na kuingia mlango wa uongo.

Juu ya hukumu kuna ihsani. Imam Ghazali katika Ihya ameeleza kisa cha Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa nguo. Alikuwa na nguo za dirham 400 na za dirham 200. Alipokwenda kuswali, mpwa wake alimuuzia bedui nguo ya 200 kwa 400. Yunus akakutana na yule bedui njiani, akaitambua nguo yake, akamwambia thamani yake haizidi 200. Bedui akajibu kuwa kwao ina thamani ya 500 na kwamba ameridhika. Yunus hakukubali. Alimrudisha dukani, akampa dirham 200 zake, kisha akamkemea mpwa wake. Kijana akajitetea kuwa mnunuzi aliridhika. Yunus akamuuliza kwa nini hakumridhia mwenzake anachojiridhia nafsi yake. Hoja ya kijana yule ndiyo inayorudiwa leo katika minada.

KUFICHA AIBU NA KUSIFU KISICHOKUWEPO

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A) kuwa Mtume (S.A.W) alipita kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenyewe akasema kuwa limenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka sehemu ile juu watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi. Tazama kwamba mtu yule hakutamka uongo. Aligeuza tu upande mzuri ukaelekea kwa watu. Picha inayoonyesha ubavu unaong'aa na kuficha chini palipopasuka ni rundo lile lile.

Ghazali amelitaka jambo hili kwa muuzaji kwa mambo manne: asisifu bidhaa kwa isichokuwa nacho, asifiche aibu zake, asifiche uzito na kiasi chake, na asifiche bei yake ya kweli ya soko.

Ama haki ya mnunuzi, wanavyuoni wameitoa katika hadithi ya mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae: aliyemnunua akagundua ana hiari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Mashafii wakakisia juu yake kila kitendo cha kupamba kinachobadilisha thamani. Kitabu cha Minhaj kimetaja kupaka weusi nywele za mtumwa ili aonekane kijana, na kikampa mnunuzi hiari. Treni iliyopakwa rangi upya ili ionekane haijaguswa tangu kiwandani ina hukumu hiyo. Lakini kitabu hicho hicho kimesema kuwa kuipaka wino nguo ya mtumwa ili adhaniwe ni mwandishi hakumpi mnunuzi hiari, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwa sababu mnunuzi ameuendea upesi mno ushahidi dhaifu. Mfano wake ni kuipiga picha treni ya kawaida kando ya boksi la zamani bila kusema kuwa boksi ni lake. Dhambi ya mwenye kukusudia kuhadaa haiondoki, lakini mnunuzi asijitegemeze kwa dhana.

Ikiwa sifa imeandikwa waziwazi, kwa mfano "rangi ya asili", na ikaonekana sivyo, suala limekwisha: sifa iliyoshurutishwa ikikosekana, mnunuzi ana hiari ya kuvunja.

"KAMA ILIVYO, HAIRUDISHWI"

Wauzaji wengi huandika maneno haya wakidhani yamewavua dhima. Fiqhi inaliita sharti la baraa, yaani kujitoa katika aibu za bidhaa.

Imam Malik katika Muwatta amesimulia kuwa Abdullah bin Umar (R.A) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la baraa. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi ambayo hakuambiwa, wakafika kwa Uthman bin Affan (R.A). Uthman akahukumu kuwa Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Akapona, akamuuza kwa dirham 1,500.

Hukumu ile inafundisha kuwa sharti linaweza kumlinda asiyejua, si anayejua akanyamaza. Wahanafi wamelipanua sharti hilo, ama Mashafii wamelibana: kwao linafaa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji haijui, si kwa bidhaa nyingine. Na hata kwa wenye kulipanua, kusema "haijajaribiwa" baada ya kujaribu ni uongo, na uongo hauhalalishwi na sharti lolote.

NAJSHI: KUPANDISHA BEI BILA NIA YA KUNUNUA

Mtume (S.A.W) amekataza najshi katika hadithi waliyoiafiki Bukhari na Muslim, na Sahaba Abdullah bin Abi Aufa (R.A) alimhesabu mwenye kuifanya kuwa sawa na mla riba na mhaini. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa ni dhambi. Wamehitilafiana juu ya mkataba: kwa Mashafii biashara inasihi na kauli sahihi zaidi kwao ni kuwa mnunuzi hana hiari, kwa Wamaliki ana hiari ikiwa muuzaji alijua, kwa Wahanbali ana hiari mpunjo ukizidi kawaida, na kutoka kwa Imam Ahmad imepokewa pia kauli ya kuibatilisha kabisa.

Majmaa katika kikao cha Brunei iliziorodhesha sura za najshi: asiyetaka kununua kuzidisha bei, asiyetaka kununua kujifanya mjuzi na kuisifu bidhaa, mwenye bidhaa au dalali kudai kwa uongo kuwa amekwisha kupewa bei fulani, na kutumia vyombo vya habari kutangaza sifa zisizo za kweli. Sura ya mwisho iliamuliwa miaka miwili kabla ya mnada wa eBay kuanzishwa, nayo inaligusa tangazo la treni neno kwa neno.

Madhara yake si ya kufikirika. Mwaka 2000 mchoro mmoja uliwekwa katika mnada wa eBay na muuzaji aliyejifanya hajui thamani yake. Bei ilipanda hadi dola 135,805, kisha ikabainika kuwa muuzaji na wenzake walikuwa wakijipandishia bei kwa majina mengi ya bandia. Mwaka 2001 walishitakiwa nchini Marekani. Hata sheria za wanadamu zimeliona kuwa ni jinai.

Wazee wetu walilisimamia hili kupitia taasisi ya hisba. Ash-Shaizari, aliyeandika katika karne ya 12 juu ya kazi ya muhtasib, alitenga mlango wa wanadi na madalali. Akataka wawe wakweli na waaminifu, wasizidishe bei kwa nafsi zao, na dalali akijua aibu ya bidhaa amjulishe mnunuzi. Katika intaneti hakuna muhtasib wa kupita akiingiza mkono ndani ya rundo. Muislamu na awe muhtasib wa nafsi yake.

JE, IKIWA MNUNUZI SI MUISLAMU?

Baadhi ya watu hujidanganya kuwa kumhadaa asiye Muislamu katika nchi yake si neno. Hii ni kauli mbovu. Imam Shafii katika al-Umm ameeleza kuwa Muislamu aliyeingia kwa amani katika nchi ya wasio Waislamu si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao, kwani wao wamesalimika naye kama yeye alivyosalimika nao. Ibn Qudama naye amesema kuwa amani ile imetolewa kwa sharti la kutofanya hiyana, hata kama halikutamkwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa maadui wa vita, vipi kwa jirani uliyempa jina lako na kupokea fedha zake?

MNUNUZI NA MUUZAJI WAFANYE NINI?

Mnunuzi aangalie bei zilizouzwa, asiangalie zinazoombwa. Aombe picha za chini na ndani. Aulize kwa maandishi: rangi ni ya asili? boksi ni la asili? mota imejaribiwa? Jibu la maandishi ni sharti, na sharti likikosekana anayo hiari. Mtume (S.A.W) alimfundisha mtu aliyekuwa akipunjwa aseme wakati wa kununua kuwa pasiwe na hadaa. Kushurutisha haki ya kurudisha ni katika njia hiyo.

Muuzaji aseme anachokijua, aonyeshe palipoharibika kabla ya palipo pazuri, aliache neno "adimu" kwa kilicho adimu, na asitaje bei katika bidhaa yake kwa jina lolote. Ambaye amekwisha kuuza kwa hadaa, toba yake haikamiliki kwa istighfari peke yake. Amjulishe mnunuzi aibu aliyoificha, amrudishie fedha na kuchukua bidhaa yake, au wapatane juu ya fidia. Kumbukumbu za mauzo ya intaneti mara nyingi huhifadhi jina la mnunuzi, hivyo udhuru wa kutompata ni finyu.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, bei kubwa yenye maelezo ya kweli ni halali, na kuiacha kwa ajili ya asiyejua ni ihsani. Bei yoyote, kubwa au ndogo, iliyosimama juu ya aibu iliyofichwa, sifa ya uongo au najshi ni kula mali kwa batili. Hakim bin Hizam (R.A) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W) kuwa wauziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara hiyo hufutwa. Dola 330 zilizozidi zinaweza kuingia katika akaunti ya muuzaji usiku huo huo. Baraka yake ndiyo isiyoingia.

Tunamuomba Allah (S.W) atutosheleze kwa halali yake. Wallahu aalam.